Simbi Kinywani mwa Sander

Ukucha ndio ulioanza.

Sander Heddle alikuwa na kidole gumba cha kushoto kisicho na ukucha. Winchi ya mashua ilikisaga zamani, siku ambazo binti yao Ragna alikuwa bado anatambaa, na tangu hapo mahali pa ukucha palikuwa na ngozi tu, ngumu, ya rangi ya nta. Mkewe Thora alikizoea kidole kile kama mtu anavyozoea kidato kibovu cha ngazi ya nyumbani kwake: haangalii, lakini mguu unajua. Kwa hiyo asubuhi ile, alipoulaza mkono wa mumewe juu ya meza ya jikoni amkate kucha, maana vidole vya Sander vilikuwa bado vizito tangu alipookolewa baharini, aligusa kitu kigumu pale ambapo kwa miaka yote hiyo hapakuwa na kitu.

Akaivuta taa karibu.

Ukucha ulikuwa umeota. Mdogo, wa mviringo, mweupe wa kuelekea waridi, na juu yake una mistari myembamba sana iliyoukata kwa upana, mmoja baada ya mwingine, kama imechorwa kwa sindano.

"Sander," alisema, "hebu tazama."

"Mh?"

"Umeota ukucha."

Sander aliutazama, akatabasamu. "Basi kata na huo."

Thora akaufunga mkasi juu yake. Mkasi uliteleza, ukalia kama umegonga sahani.

Hiyo ilikuwa Desemba, katika kisiwa cha Skarfsay, kule Orkney, kaskazini ya Uskoti, mwezi ambao jua huamka saa tatu ya asubuhi tayari limechoka, na kufika saa tisa na nusu alasiri limekwisha kulala. Nyumba ya akina Heddle ilikuwa chini kabisa, mwisho wa barabara, shamba dogo la kondoo upande mmoja na mawe ya pwani upande wa pili. Sander alikuwa mvuvi wa kamba na kaa. Alivua kwa madema, yeye na shemeji yake Erlend, mdogo wake Thora wa mwisho, kijana mwenye kelele na mwenye madeni ya mapenzi katika kila kisiwa kinachofikiwa na feri.

Wawili hao walitoka siku moja kuyawahi madema kabla ya upepo. Jioni mashua ilionekana imepinduka, chini juu, shakwe wamesimama juu yake. Helikopta ya walinzi wa pwani ilizunguka mpaka ikakata tamaa, na mchungaji alikwisha kuja kumuuliza Thora ni zaburi gani angependa iimbwe. Ndipo bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake akamkuta Sander katika ghuba ndogo nyuma ya kanisa, maji yamekupwa, amepiga magoti kwenye changarawe, kichwa amekiinamisha, kama mwanamke anayetafuta simbi.

Alikuwa hai. Siku mbili katika maji ambayo humuua mwanamume mzima kabla chai yake haijapoa, naye alikuwa hai. Hospitali ya mji wa Kirkwall walimfungua mdomo wamtie kipimajoto, wakakuta umejaa simbi. Chini ya ulimi, ndani ya mashavu, zimejipanga.

Simbi za kule ni vikauri vidogo mno. Kubwa yao haijai ukucha wa kidole cha mwisho. Zina rangi ya waridi na mistari, na chini zina ufa mrefu kama mdomo uliobana. Kisiwani watu huziita bahati. Hazipatikani kwa aliyesimama; ni lazima upige magoti na pua yako ikaribie mawe. Ukiipata moja, unaitia kwenye pochi, au kwenye mkoba wa bibi harusi, au kwenye chupa dirishani. Kwa hiyo watu wote walisema neno moja: simbi zimemwokoa. Wakaja na mikate ya shayiri na viazi vilivyopondwa na bia za kupika nyumbani, wakamshika Sander mabega, wakamwambia, "Mzee, wewe hufi tena." Na Thora akakaa kati yao, jicho moja linacheka, jingine linalia, kwa sababu Erlend hakuonekana, wala hata kiatu chake.

"Ulimwacha wapi?" alimuuliza mumewe usiku wa kwanza.

"Chini," Sander akajibu.

Sasa, Sander wa zamani alikuwa mtu wa kuguna. Aliamka akiwatukana kondoo, akalala akiitukana serikali. Alitaka chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na hakuwahi kumletea mkewe kikombe hata siku aliyojifungua. Na simbi alizicheka: "Nyinyi wanawake mnaokota makapi ya bahari, mkirudi magoti yanauma mnataka kukandwa." Huyu aliyerudi alikuwa mpole. Alimletea Thora chai kitandani. Alimsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Na kila maji yalipokupwa alivaa koti, akateremka ghubani, akapiga magoti. Hakutafuta. Alinyoosha tu mkono, ukarudi na simbi.

Za pwani huwa ni maganda matupu, wenyewe wamekwisha kufa. Alizoleta Sander zilikuwa na wenyewe ndani. Alizitia katika chupa ya mkewe pale dirishani, akaijaza maji ya bahari, na Thora alipokuwa akiosha vyombo aliona vikonokono vikipanda kioo, vimetoa nyama yao nje na kujifunika nayo maganda, njano na madoa, hata usijue kwamba ndani ya kile kilaini mna kitu kigumu.

Nyumba ikaanza kunuka. Si harufu ya samaki. Harufu ya samaki Thora alizaliwa nayo. Ilikuwa harufu ya chini ya jiwe unapoligeuza, pale ambapo jua halijawahi kufika. Alisugua sakafu kwa sabuni ya magadi, alifua mapazia. Harufu ilitoka kwenye mto wa mumewe.

Halafu zikaja sauti. Wakikaa karibu na jiko la chuma, giza la alasiri limebana madirisha, yeye anafuma na Sander amekunja mikono, alisikia kitu kikigongana na kitu, taratibu, ndani ya kichwa cha mumewe. Kch. Kch.

"Una nini mdomoni?"

"Sina kitu."

"Fungua nione."

Akafungua, kwa utii kama mtoto. Meno, ulimi, koo. Hapakuwa na kitu. Thora akarudi kwenye sindano zake, na kabla hajamaliza mstari mmoja, kch.

Ragna alikuja kwa feri ya Ijumaa. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee Kirkwall, binti mnene mchangamfu mwenye kicheko cha mjomba wake, na aliingia jikoni na mabegi yake yote akiwa bado na theluji kichwani.

"Baba yuko wapi? Nimemletea soksi. Mama, mbona umekonda hivyo, unafunga au unapenda mtu?"

"Koma we mtoto."

"Nauliza tu. Baba! Njoo unibusu, nimetapika njia nzima kwa ajili yako!"

Sander akaja akamkumbatia. Alimkumbatia muda mrefu, kidevu chake begani mwa binti, na Thora aliyaona macho yake yamefumba nusu, yametulia, kama ya mtu anayenusa chakula kinachoiva.

Siku ile ya pili Thora alimvuta binti yake kwenye banda la kuku. Alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu.

"Ragna, yule si baba yako."

Ragna akacheka, halafu akaacha. "Mama."

"Ukucha wake. Harufu. Hajaitukana hata mvua tangu arudi."

"Kwa hiyo kosa lake ni adabu?" Ragna akamshika mama yake mikono miwili. "Mama, nisikilize. Mtu akikaa majini siku mbili na maiti ya shemeji yake, lazima abadilike. Kule kazini nina mzee aliyetoka vitani miaka ile akawa hawezi kula mkate mweupe mpaka leo. Na wewe umempoteza Mjomba Erlend hujamlilia sawasawa, unalia kwa njia hii. Mwache Baba apone."

Thora aliporudi ndani baada ya kukusanya mayai, Ragna alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, hoi kwa zamu za wiki nzima, na Sander amekaa pembeni yake, mkono ameupenyeza chini ya sweta, anamsugua mgongo taratibu kama alivyokuwa akimlaza zamani za utoto wake. Alimtazama mkewe akaweka kidole mdomoni: usimwamshe.

Jumapili Ragna akarudi Kirkwall. Siku iliyofuata upepo wa kusini mashariki ukaangusha nguzo za umeme, na nyumba zote za Skarfsay zikazama gizani kabla hata ya chai ya alasiri. Thora alikuwa ametoka kufunga banda. Alirudi akiushika ukuta wa nyumba kwa mkono, maana upepo ulikuwa wa kumwangusha mtu, na alipopita dirisha la jikoni akaona mwanga mwekundu wa mlango wa jiko ulioachwa wazi, akasimama kutazama ndani, bila sababu, kama mtu anavyotazama nyumba yake mwenyewe.

Sander alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya beseni la maji ya bahari, uso umeelekea dirishani lakini macho yamefumba, na katika mwanga ule wa makaa Thora aliona midomo ya mumewe ikiachana, si kama ya mtu anayetaka kusema wala anayepiga miayo, bali kama ufa unaofunguka wenyewe, na kutoka katika pembe zote mbili za mdomo ikatoka nyama nyembamba, laini, inayopitisha mwanga, ya njano yenye madoadoa na vijipele, ikapanda mashavuni kushoto na kulia, ikafunika masikio, ikafunika macho, ikisogea bila papara kama maziwa yanavyopanda sufuriani, mpaka pande zote mbili zikakutana katikati ya paji la uso zikashikana, na pale palipokuwa na uso wa Sander Heddle, uso alioubusu mbele ya mchungaji na kuupiga kofi mara moja tu katika maisha yao, pakawa na kitu cha mviringo, kilowevu, kisicho na macho, kinachopumua.

Alitaka kukimbia, akabaki akitazama.

Ile nyama ikaanza kurudi. Ilirudi ilivyokuja, ikaacha ngozi ya mumewe inang'aa kama imepakwa mafuta. Midomo ikafunga. Macho yakafunguka, yakamwangalia moja kwa moja kupitia kioo.

"Thora," ikasema ile sauti, kwa upole, "utapata baridi huko nje."

Aliyeishi juu ya kilima cha kisiwa, penye chemchemi, alikuwa Beenie Corrigall, ambaye kisiwa kizima, hata wanaomzidi umri, walimwita Shangazi. Alizalisha wanawake siku ambazo feri haikuweza kuvuka, alitibu ng'ombe, na mengine aliyoyafanya watu hawakuyataja wakiwa karibu na maji. Alikuwa amewekewa nyonga ya chuma hospitalini Aberdeen, na alijisifu kwamba tangu hapo hakuna jini linaloweza kumpanda, kwa kuwa yeye ni nusu nanga. Thora alifika kwake jioni ileile akiwa hana kofia, nywele zimeganda.

"Nani amekufa?" akauliza Shangazi Beenie, bila kuzima redio yake ya betri.

"Kwa nini mtu awe amekufa?"

"Hakuna anayenipandia kilima hiki kwa kunipenda. Kaa. Sema."

Thora akasema. Alipofika kwenye ile nyama kukutana katikati ya paji la uso, Shangazi Beenie akanyoosha mkono akazima redio.

"Unajua simbi anakula nini?" aliuliza.

"Mwani, nadhani."

"Mwani! Na chupa nzima unayo dirishani. Kule chini kuna viumbe laini wanaoshika mawe, kama jeli, hawana mkono wala mguu wa kujitetea. Simbi hukaa juu ya mmoja akamla polepole, mwenzake yu hai." Akavuta shali. "Sasa kuna wale wa Chini ambao wana tabia yake. Na wenyewe wanapenda kuvaa kitu kigumu."

"Sander yumo humo ndani? Shangazi, niambie kama yumo."

Bikizee yule alisimama akachukua ndoo. "Kesho mchana maji yatakupwa sana. Bahari ikiwa mbali hukosa nguvu. Nitakuja na maji ya chemchemi, na mnyororo. Lakini wa kumfukuza ni wewe. Mimi nitamhoji tu. Neno la kutoka lazima aliseme mwenye nyumba."

"Na usiku huu?"

"Lala naye. Ukikimbia, atajua."

Thora akarudi, akalala naye. Yaliyopita katika saa zile hakuwahi kumwambia mtu.

Siku ya pili, jua likiwa limejikokota mpaka juu ya ukuta wa shamba, Shangazi Beenie aliingia na mnyororo wa nanga ndani ya toroli, akaanza kuuzungusha duara sakafuni. Sander alikuwa mezani. Aliutazama mnyororo, akausogeza mwenyewe ule uzito kwa mguu ili bibi asihangaike, akavuta kiti, akakaa katikati ya duara kana kwamba amekuja kunyolewa.

"Unaitwa nani?" akauliza Shangazi Beenie.

"Sander Heddle. Habari za nyonga, Shangazi?"

Bikizee akammiminia kikombe cha maji ya chemchemi juu ya mikono. Ngozi ya mikono ikanywea, ikakunjana kama ya ndizi iliyoachwa. Ile harufu ikajaa jikoni hata Thora akashika ukingo wa sinki.

"Unaitwa nani?"

"Hatuna majina." Sauti ilikuwa ileile ya Sander, ila imepoa. "Jina ni la kuitana. Sisi hatuitani."

"Mwenye mwili huu yuko wapi?"

"Hayupo."

"Nimekuuliza yuko wapi!"

"Nilimla."

Thora akasogea mbele mpaka ncha za viatu vyake zikagusa mnyororo. "Lini?" akauliza. "Alikuwa amekwisha kufa?"

Kile kitu kikamgeuzia macho ya mumewe. "Hapana. Yule mwingine alikufa mapema, baridi ilimwahi. Huyu alikuwa na nguvu. Nilianzia miguuni. Alikuwa anaita. Thora, Thora, usiku na mchana, nami sikutaka anyamaze, basi ulimi nikauacha mwisho."

Birika lilikuwa likichemka juu ya jiko, hakuna aliyeliondoa.

"Kwa nini umekuja kwangu?" Thora alinong'ona. "Bahari yote ile. Kwa nini kwangu?"

"Mtu akibeba jina siku mbili mdomoni, ukimla unaijua njia."

Shangazi Beenie akanyanyua ndoo nzima. "Sema sasa, Thora. Mwambie atoke."

"Nikitoka," kikasema kile kitu haraka kidogo, "ganda halitasimama. Hakuna kilichobaki humu ila mimi. Ukininyima nyumba, utazika. Ukiniacha, una mume. Nitakata kuni. Nitakuletea chai kila asubuhi. Yeye alikuletea?"

Thora alisimama. Wale wanaosema wangejibu mara moja hawajawahi kurudi kwenye kitanda kitupu. Mikono ile ilikuwa mikono ya Sander, kovu la ndoano liko pale pale, shingo ni ile, na nyuma ya sikio paliota nywele zile za mvi alizozoea kumng'oa akifoka. Ungeweza kuishi na kitu kama hicho. Ungefungua madirisha kwa ajili ya harufu. Watu wanaishi na mabaya zaidi, na hayana hata sauti ya mpenzi wao.

"Hakuniletea chai hata siku moja," alisema. "Toka nyumbani kwangu."

Kile kitu kikatabasamu. Hakikukasirika, na hilo ndilo lililomfanya Shangazi Beenie arudi nyuma hatua.

"Sawa," kikasema. "Nilikuwa naondoka hata hivyo. Nimemaliza nilichokuja kufanya."

Midomo ikafunguka, ile nyama ikatoka, lakini safari hii haikupanda. Ilishuka kifuani, mapajani, sakafuni, ikavuka mnyororo kana kwamba chuma ni kivuli, ikapita chini ya mlango. Nje ikaacha mstari mmoja wa majani yaliyoungua mpaka kwenye mawe ya pwani. Jikoni Sander aliyumba mara moja. Akaanguka kutoka kwenye kiti, na hapakuwa na kishindo. Alianguka kwa sauti ya kikapu kitupu.

Thora alimwinua peke yake. Mwanamume aliyekuwa akivunja vitanda! Alimbeba mikononi hadi chumbani kama anabeba koti lake, akamlaza, akamfunika. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni yule alikuja, mwenyeji akaliwa mpaka wa mwisho.

Daktari alifika, akamgusa shingo, akasema moyo, akaiwahi feri. Wakati wa kumtia jenezani Shangazi Beenie alituma aletewe mawe ya ukuta, akayapanga kando ya maiti kwa mikono yake mwenyewe na kuyafunika kwa shuka, ili wabebaji wasijiulize. Ragna alilia kaburini mpaka akaishiwa sauti. Alimwambia mama yake, "Angalau tulimpata tena kidogo. Si wengi wanaopata." Thora akasema ndiyo.

Ile chupa aliitupa motoni na kila kilichokuwemo. Shangazi Beenie alimvua nguo mbele ya taa akamkagua mwili mzima, makwapa, nyuma ya magoti, kichwani chini ya nywele. "Safi," akasema, na kwa mara ya kwanza Thora alimwona mwanamke yule akikaa chini kwa uchovu. "Nilikuwa naogopa. Nimekuficha jambo. Simbi akimaliza kula, humtoboa mwenzake shimo dogo, akataga ndani. Lakini wewe ni safi."

Thora alivaa nguo zake. Alikuwa akifunga kifungo cha juu mkono wake uliposimama.

Alikumbuka sweta ya Ragna.

Hakumpigia binti yake siku ile, wala iliyofuata. Alijiambia kwamba asipouliza, halipo. Mwaka mpya ukaingia, watu wakabisha hodi, kama desturi ya kule, na chupa zao za wiski na makaa ya bahati, naye akawamiminia. Simu ililia yenyewe, asubuhi moja ya Januari.

"Mama, una yale mafuta unayowapaka kondoo?"

"Ya nini?" Thora aliuliza.

"Mgongo unaniwasha. Usicheke. Nimemwonyesha mwenzangu wa zamu, anasema kuna vitundu, vidogo, vimejipanga vizuri hata vinapendeza, ukingo wake umeinuka kama mdomo wa kikombe. Haviumi lakini. Daktari kanipa krimu. Mama? Upo?"

"Nipo. Nakuja na feri ya leo."

Alipanda kilima kwanza. Shangazi Beenie alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, na hakumkaribisha ndani, wala Thora hakuingia.

"Yale maji ya chemchemi," Thora alisema. "Nipe ndoo moja. Nipe mapipa. Nitasema neno mimi mwenyewe, nitasema mara elfu."

"Thora."

"Ni mwanangu, Shangazi!"

"Maji yale hufukuza mgeni." Macho ya bikizee yalikuwa mekundu. "Mayai si mgeni. Yameota katika damu yake, hayajui bahari, hayajui kwingine. Unayaambia yatoke, yaende wapi? Hapo ndipo kwao."

"Basi nifanye nini?"

"Kaa naye."

Ragna aliishi ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate. Alimfungulia mama yake akiwa na gauni la kulalia, mashavu mekundu, amenenepa kidogo, amependeza. Ana njaa siku hizi, alisema, anakula kama mchimba kaburi, na usingizi ndio usiseme. Alimtengenezea mama yake chai. Alisimulia vichekesho vya wazee wake, mmoja amemposa, ana miaka tisini na meno mawili. Thora alicheka mahali pa kucheka.

Baadaye Ragna akakaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake kama zamani, akalivuta gauni likaacha mgongo wazi.

"Nikune kidogo. Mimi sifiki."

Thora aliviona. Vilikuwa vimejipanga, kweli, na kila kimoja kilikuwa na kiwambo chembamba kinachong'aa. Aliinua mkono wake. Akakuna. Alikuna taratibu kwa ncha ya kucha, pembeni ya kimoja, halafu juu yake; na chini ya ile ngozi nyembamba kitu kidogo kikajigeuza, kikausogelea ukucha wake, kikaubana, kama mtoto mchanga anavyotafuta ziwa gizani.

"Hapo hapo, Mama," Ragna akasema, macho amefumba kwa raha. "Hapo hapo. Usitoe mkono."